Mgongo Usiotazamwa

Sadiq wa Mambrui alikuwa mchinjaji katika kichinjio kimoja cha Dagoretti, na kwa miaka yote aliyoshika kisu pale hakuna aliyewahi kuuona mkono wake ukisita. Ng'ombe akishalazwa na kuelekezwa kibla, Sadiq huinama, hutaja jina la Mungu, na kisu hupita mara moja tu. Wabebaji nyama, wengi wao watu wa Magharibi mwa Kenya wasio wa dini yake, walikuwa wakisema Sadiq akichinja hata mnyama mwenyewe hana habari. Yeye hakuzipenda sifa hizo. Alijua tu kwamba kazi ile yataka wepesi, mnyama asiteseke, na aliyepewa kisu akawa hawezi, afadhali akirudishe.

Asubuhi moja ya Julai, kwenye baridi ile ya Nairobi inayoingia mpaka ndani ya gambuti, aliinama juu ya fahali mweupe. Kisu kilifika nusu na mkono ukasimama. Kitu kama uzi wa moto kilianzia karibu na uti wa mgongo, upande wa kushoto, kikafuata ubavu mmoja kikizunguka kwapa mpaka chini ya chuchu, kikakaza. Pumzi ikamkwama. Lilikuwa jambo la kupepesa jicho, kisha akamaliza kazi, lakini katika muda huo mfupi fahali alimtazama, na Sadiq akamwona akimtazama.

Alinyanyuka, akakifuta kisu, akampa mchinjaji mwenzake.

"Sadiq, ni nini?" aliuliza Zadock, mbebaji nyama kutoka Vihiga, jitu la mabega mapana ambalo lilikuwa limefanya kazi naye tangu wote wawili wakiwa na nywele nyeusi. "Mbona unashika mbavu?"

"Ni ile ile."

"Si ulisema iliisha?"

"Huisha ikarudi."

"Mimi nilikuambia. Hiyo ni vidonda ya tumbo. Wewe unakataa kunisikia juu ya pilipili."

Sadiq alienda kukaa nje kwenye ukuta, mahali pasipo upepo, kwa sababu upepo nao ulikuwa ukimuuma. Hilo ndilo lililomshinda kulieleza kwa watu. Maumivu yenyewe aliweza kuyaeleza, yachoma, yakata, yapiga kama umeme. Lakini utamwambiaje mtu mzima kwamba shati likikugusa ubavuni unataka kulia?

Yalikuwa yamemwanza mwaka uliotangulia, na tangu hapo yakawa mgeni asiyebisha hodi. Hukaa siku mbili tatu, huondoka, ukishamsahau hurudi. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Zadock alisema tumbo, na Sadiq akanywa maziwa baridi na vidonge vya duka la dawa mpaka akachoka. Jirani yake alimuuliza ni upande gani, na aliposikia ni wa kushoto akanyamaza kwa namna iliyomtia Sadiq hofu ya moyo. Akaenda kliniki moja kule Hurlingham, akalazwa chali, akabandikwa nyaya kifuani, na daktari akamwambia moyo wake haukuwa na neno lolote. Wenzake kichinjioni walinong'ona kifua kikuu, na ile homa inayotoka kwa ng'ombe ambayo wachinjaji wote wa Dagoretti huiogopa. Akapimwa damu na makohozi. Hakuna. Yeye mwenyewe alikuwa na hakika ni yule ndama aliyempiga teke zamani. Picha ya mbavu ikapigwa, mbavu zikaonekana nzima kabisa. Kote alikopita, kipimo cha masikioni kilipenyezwa chini ya shati kwa mbele, akaambiwa avute pumzi, akapewa vidonge, akaambiwa arudi yakizidi.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakuambiwa chochote: Khamisa, mkewe.

Khamisa alikuwa Maskati. Alikwenda huko wakati binti yao Nabiha alipopata nafasi ya chuo Eldoret, na wenyewe wawili walikuwa wamekaa chini wakakubaliana: ataenda mpaka Nabiha amalize. Huko alikuwa akimtunza ajuza mmoja, Bibi Thuraya, mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, aliyezaliwa Unguja na ambaye bado alikuwa akiota kwa Kiswahili. Khamisa alikuwa amerudi nyumbani mara moja tu, kwa likizo ya mwezi mmoja, na mwezi ule ulipita kama mtu aliyechungulia mlangoni. Mambo ya kuumwa Sadiq hakuyataja. Yeye aone nini, aseme nini, akiwa kule? Kumwambia kungekuwa kumpa mzigo asio na mahali pa kuutua.

Walikuwa wakizungumza kila Ijumaa. Ijumaa ndiyo siku ambayo Khamisa alipewa mapumziko ya alasiri, na Sadiq baada ya swala mjini hupitia dukani kwa Ridhwan, mtoto wa ami yake, aliyekuwa akiuza leso na kofia katika mtaa ulio nyuma ya msikiti. Juu ya duka palikuwa na ghala dogo na mtandao usiokatika. Ridhwan humfungulia mlango, humletea kahawa, akateremka akawaachia nafasi. Sadiq hukaa juu ya bunda la leso, simu akaiegemeza kwenye bunda jingine, na harufu ile ya nguo mpya zisizofuliwa ikawa ndiyo harufu ya kumwona mkewe.

Ijumaa baada ya siku ile ya fahali, walizungumza habari za Nabiha na za Bibi Thuraya aliyegoma kula. Katikati ya maneno Sadiq akainama kuchukua kikombe. Akajishika.

"Wajishika nini?" Khamisa aliuliza.

"Sijajishika."

"Baba Nabiha."

"Ni baridi tu. Nairobi mwezi huu waijua."

"Naijua. Baridi haishiki upande mmoja. Inua kanzu."

"Khamisa, niko dukani kwa watu!"

"Uko juu ghalani, mlango umefungwa, mie ni mkeo. Inua."

Alisimama. Aliinua kanzu mpaka kifuani, akijiona mjinga, na akaisogelea simu. Khamisa akasema haoni kitu. Akamwambia ageuke. Sadiq akageuka, uso ukaelekea ukuta wa mabunda, nguo zote amezikusanya shingoni, mgongo wake mtupu ukiwa mbele ya kile kidirisha kidogo cha kioo. Alingoja. Alisikia gari la taka likinguruma huko chini mtaani.

"Hizi alama ni za nini?" sauti ya Khamisa ilikuwa imebadilika.

"Alama gani?"

"Hujui kama una alama?"

Asingelijua. Kwenye chumba chake cha Dagoretti kulikuwa na kioo cha kunyolea ndevu, ukubwa wa kiganja. Tangu Khamisa arudi Maskati baada ya likizo, hakuna mtu aliyekuwa ameuona mgongo wa Sadiq. Hakuna aliyemsugua, hakuna aliyemwambia una chunusi hapa, una vumbi hapa. Mtu hana macho huko nyuma, ana mke.

"Ni mabaka," Khamisa alisema. "Meupe meupe, yamefuatana. Yanatoka kwenye uti wa mgongo, yanaenda kwapani kama mtu aliyechora kwa kidole. Ulipata malengelenge?"

Hapo akakumbuka. "Ah, hayo! Ni yule mdudu, nairobi-flai. Walijaa chumbani mwaka jana baada ya mvua, nikadhani nimemlalia mmoja usingizini. Yalifura maji, yakawasha, yakachoma. Nikapaka mafuta yakapoa. Muda umepita."

"Mdudu hafuati ubavu, Baba Nabiha." Alisogea karibu na simu. "Bibi Thuraya anazo kama hizi. Mimi ndiye ninayemwogesha, nazijua. Huo ni mkanda wa jeshi."

Sadiq aliteremsha kanzu, akageuka. Wakatazamana.

Mambrui, walipokuwa vijana, mkanda wa jeshi ulikuwa jina linalotajwa kwa sauti ya chini. Mtu akiupata, watu walihesabu wake zake na safari zake, kisha wakasubiri kumwona akikonda. Khamisa alikuwa anajua kwamba ajuza wa miaka themanini asiyetoka ndani ameupata, na Sadiq alikuwa amesikia anavyosema. Hata hivyo kile kitu cha zamani kiliingia katikati yao, pale pale, kikakaa.

"Nenda hospitali," Khamisa alisema mwishowe. "Usiwaonyeshe kifua. Waambie watazame mgongo."

"Nitaenda."

"Haya. Bibi ananiita."

Sadiq hakusikia sauti ya bibi yeyote.

Siku zilizofuata zilimwendea kwa uzito. Alikuwa anajijua. Tangu Khamisa aondoke hakuwa amemgusa mwanamke mwingine, na kabla ya hapo pia, hilo alikuwa tayari kuliapa popote. Basi kwa nini mkewe alikata simu vile? Alikasirika. Kisha, akiwa anapanga foleni ya maji ya kutawadha, wazo jingine likamjia, la aina ile ambayo mtu haipendi hata kuwa ndani ya kichwa chake. Kama si mimi. Kulikuwa na ule mwezi mmoja wa likizo. Yeye yuko nchi ya mbali, katika nyumba ya watu, na wanawake wengi wa pwani wamerudi kutoka huko na hadithi ambazo hawakuzitaka. Sadiq alisimama na maji mkononi mpaka aliyekuwa nyuma yake akamwambia songa. Aliona haya kama mtu aliyekutwa akichungulia dirisha la jirani.

Alimwambia Zadock anakwenda hospitali kubwa ya Upper Hill. Hakusema kwa nini.

"Niende na wewe?" Zadock aliuliza.

"Wapi? Mimi si mtoto."

"Sijasema wewe ni mtoto. Nimesema niende na wewe?"

Wakaenda pamoja. Zadock alikaa kwenye benchi la nje akila njugu, na Sadiq akaingia kwa daktari mmoja aitwaye Kasyoki, mwanamke mwenye miwani aliyekuwa na haraka katika kila kitu isipokuwa kusikiliza. Alipomaliza kueleza, Sadiq akasema, "Nimeambiwa mtazame mgongo."

"Nani amekuambia?"

"Mke wangu."

"Vua shati."

Alisimama nyuma yake muda mrefu. Kisha akachukua pamba akaipitisha polepole juu ya ile njia, na Sadiq akaruka kama amemwagiwa maji ya moto. Akachukua kijiti chenye ncha akakidunga mahali pale pale. Sadiq akasema hasikii sana.

"Pamba inakuuma, ncha huisikii," daktari alisema. "Vaa. Mzee Sadiq, kila ubavu una mshipa wake wa fahamu. Unatoka kwenye uti wa mgongo, unapita chini ya ubavu mpaka hapa mbele. Ukiguswa mahali popote njiani, unalia njia nzima. Na vinavyoweza kuugusa ni vingi. Ubavu uliovunjika, pingili ya mgongo iliyobana, kovu la upasuaji, uvimbe, wakati mwingine hata sukari. Kwa hiyo waliokupima moyo na kifua hawakukosea, maumivu ya upande huo lazima yaangaliwe. Ila yako yameacha alama. Uliugua tetekuwanga utotoni?"

"Mambrui nani hakuugua?"

"Basi haikutoka mwilini. Ilijilaza kwenye mzizi wa mshipa miaka yote hii. Mtu akizeeka, au akichoka sana, au kinga ikishuka, inaamka na kufuata mshipa mmoja tu. Ngozi imepona. Mshipa ndio uliobaki umeumia, na ndio unaokusumbua kila mara. Ungekuja siku zile za malengelenge, kuna dawa ingesaidia. Sasa tutatibu maumivu."

Sadiq alifunga vifungo vya shati, kimoja akakikosea.

"Kuna kipimo kimoja," daktari akaendelea, "ambacho ninamwomba kila mtu mwenye alama hizi. Sio kwamba ninamshuku mtu. Wengi wa umri wako ni miaka tu na uchovu. Lakini ninaomba."

"Nakijua," Sadiq alisema. "Nipime."

Alitolewa damu, akapimwa na sukari, akapigwa picha ya uti wa mgongo, kisha akaambiwa asubiri. Alikaa na Zadock kwenye benchi. Zadock alimimina njugu kiganjani mwa Sadiq akawa anatazama watu wakipita. Sadiq alijikuta anafikiria mambo ya ajabu, kwamba kama jibu ni lile, atamwambia Khamisa kwa maneno gani, na kama atakuwa na haki ya kumuuliza, na kama hatakuwa nayo. Akafikiria hata kwamba pengine Khamisa angerudi nyumbani kwa sababu hiyo. Akagundua, na hilo likamtisha kuliko yote, kwamba sehemu fulani ya nafsi yake ilikuwa tayari kuupokea ugonjwa mradi umrudishe mkewe.

Jina lake likaitwa. Hakuwa na virusi. Sukari ilikuwa sawa, uti wa mgongo ulikuwa wa mtu aliyeinama sana kazini, hakuna zaidi. Akapewa vidonge vya mishipa vya kunywa baada ya magharibi, akaonywa kwamba vitamkausha mdomo na kumtia usingizi, na asishike kisu mpaka mwili uvizoee.

"Yataisha?" aliuliza.

"Yatapungua. Kuisha kunaweza kuchukua miezi, na kwa wengine hubaki kidogo. Siwezi kukudanganya."

Nje, Zadock alimtazama usoni akasimama. "Si tumbo?"

"Si tumbo."

"Basi pilipili unaweza kula," Zadock alisema, na kwa jinsi alivyomshika bega Sadiq akajua kwamba rafiki yake alikuwa ameelewa tangu mwanzo kilichokuwa kikisubiriwa.

Ijumaa ilipofika alipanda ghalani kwa Ridhwan kabla hata kahawa haijachemka. Khamisa alipotokea kwenye simu macho yalikuwa yamevimba.

"Nimekwenda," Sadiq alisema. "Ni huo mkanda wa jeshi, kama ulivyosema. Na wamenipima na kile kingine. Sina."

"Sikukuuliza hicho."

"Najua. Nilitaka uambiwe."

Khamisa alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Alilia bila sauti, mabega tu yakionekana. Sadiq hakujua afanye nini na mikono yake. Kati yao palikuwa na bahari nzima na kioo cha ukubwa wa kitabu cha Yasini.

"Nilikuwaza vibaya," alisema akiwa bado amejifunika. "Siku mbili. Halafu nikakumbuka nimekuacha peke yako miaka mitatu, nikaona hata ningekukuta na kosa, ningeanzia wapi kukulaumu."

"Mimi pia nilikuwaza vibaya."

Akafunua uso. "Mimi?"

"Siku moja. Nusu siku."

Walitazamana, kisha Khamisa akacheka huku makamasi yanamtoka, na Sadiq naye akacheka, ubavu ukamchoma, akacheka tu.

Kilipotulia kicheko, akalisema. Hakuwa amekusudia. "Rudi."

Khamisa alijifuta machozi. "Umechukua miaka mitatu kulisema neno hilo."

"Ningelisema, ungelirudi?"

"Ningelirudi siku ya pili yake. Ndiyo maana kila Ijumaa nikimshukuru Mungu kwamba hukulisema." Alifuta pua. "Nabiha amebakisha mwaka mmoja. Bibi hana mwingine wa kumwelewa anapoota. Wajua haya yote."

"Nayajua. Sikusema ili ufanye. Nimesema ili ulijue."

"Nalijua. Sasa nalijua kwa masikio."

Kisha Sadiq akamuuliza lililokuwa likimsumbua tangu hospitali. "Na wewe huko, nani anakutazama mgongo?"

Khamisa aliangalia pembeni, kwenye kitu ambacho Sadiq hakukiona. "Hakuna," alisema.

Dawa ilimpa usingizi mzito na mdomo mkavu kama mchanga, na kwa wiki kadhaa alikaa kichinjioni akinoa visu vya wenzake. Aliporudi kuchinja, siku ya kwanza alitaja jina la Mungu, na kisu kikapita mara moja. Maumivu hayakumwacha kabisa. Kukiwa na baridi huja, hupita njia ile ile kutoka nyuma kuja mbele, lakini sasa yalikuwa yamepoteza meno. Yeye pia aliyajua yalikotoka, na hilo lilikuwa nusu ya dawa.

Alichokuja kukigundua ni kwamba kumtamani Khamisa hakukupungua pamoja na maumivu hayo. Alikuwa ameyazoea yote mawili kwa pamoja, kana kwamba ni uchungu mmoja unaoishi ubavuni, na kimoja kiliponyamaza alikisikia kingine waziwazi. Alasiri akilala baada ya kazi, sasa aliweza kulalia upande wa kushoto, ule aliokuwa akiulalia zamani, na akifumbua macho ameelekea mahali pa Khamisa kitandani. Mara nyingine alijigeuza kwa makusudi upande wa ukutani.

Mvua za vuli zilipoanza, Ridhwan alipokea mzigo mpya kutoka Mombasa. Sadiq akazipekua leso moja baada ya nyingine mpaka akachagua jozi moja ya rangi ya zambarau, akampelekea fundi wa barazani azitenganishe na kuzipinda. Alingoja mpaka cherehani ikamaliza. Alirudi nazo Dagoretti kwenye mfuko, akamkuta Zadock amekaa mlangoni akimsubiri wakanywe chai.

"Za nani hizo?" Zadock aliuliza.

"Za mke wangu."

"Anakuja lini?"

"Mwakani."

Zadock aliipapasa leso ya juu, akaliangalia pindo lake lililonyooka. "Sasa si zingengoja? Mwakani kutakuwa na zingine mpya."

"Zingengoja," Sadiq alikubali. Akaingia ndani, akafungua sanduku, akaziweka juu ya nguo za Khamisa, kisha akatoka wakaenda kunywa chai.